Barua Tatu za Mkono Mmoja

Kwa miaka mitano Jerotich aliishi Woodbridge, Virginia, na kwa miaka mitano alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemuuliza habari: bado kesi. Kanisani, bado kesi. Kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa akiwaogesha, akiwalisha na kuwageuza kitandani, wenzake waliacha hata kuuliza. Walimtazama tu usoni wakajua. Mtu huchoka na kazi akalala akaamka mpya, lakini uchovu wa kungoja barua hauna siku ya mapumziko. Siku ya kwanza ya mwezi mpya alihesabu miezi, na posta ilipopita aliinuka kwenda kwenye sanduku hata kama miguu ilikuwa imevimba.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Kwao Kapsirwo, juu ya bonde la Kerio, Jerotich alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana. Kila Desemba, shule zikifungwa na msimu wa tohara ukifika, wasichana waliokataa kukatwa walitoroka makwao wakaja kubisha bwenini, naye akawafungulia. Mwaka wa kwanza walikuja wanne, wa pili kumi na mmoja. Desemba ya mwaka 2000 wakaja wanaume sita, mchana kweupe. Walimpiga mbele ya wale wasichana, wakatia moto nyumba yake, na mmoja wao, shemeji yake kabisa, ndugu wa marehemu mumewe, akamwambia kwamba safari nyingine watamchoma akiwa ndani. Kovu la moto lilibaki kwenye mguu wa kushoto, kutoka gotini hadi kisigino.

Akina mama wa kanisa walimtafutia mwaliko wa mkutano huko Maryland. Akaja na mkoba mmoja, akaomba hifadhi. Chebet, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka minane. Alimwacha kwa mjomba wake yeye Jerotich, Mzee Elkanah, akamwambia ni muda kidogo tu. Basi hapo ndipo mambo yote yaliposimama: akikubaliwa, sheria ilimruhusu kumleta Chebet, akikataliwa, hamleti. Na Chebet alikuwa anakua, na Desemba zilikuwa zinakuja kila mwaka bila kukosa hata moja.

Hakimu wa uhamiaji alimsikiliza Mei 2003. Hakuwa mtu mbaya, hili Jerotich alilisema hata baadaye, alipokuwa na kila sababu ya kumsema vibaya. Alimpa nafasi ya kunywa maji. Alitazama picha za kovu na ripoti ya daktari, akatikisa kichwa kama mtu mwenye mabinti. Kilichomkwaza ni barua.

Barua zilikuwa tatu, zimetoka nyumbani: moja ya Mzee Elkanah, moja ya mama jirani aliyesaidia kuzima moto, moja ya mlinzi wa shule. Kila mmoja alieleza alichokiona. Ila zote zilianza kwa "natumaini u buheri wa afya," zote ziliahidi kusema "bila kuongeza wala kupunguza," na zote zilikuwa na mwandiko uleule ulioinamia kulia, wa kalamu ileile iliyovuja wino kwenye kila mkia wa herufi. Mtu yeyote wa Kapsirwo angeutambua kwa mbali. Ni mkono wa Mwalimu Cheruiyot, mstaafu, ambaye mlima mzima humpelekea maneno yake ayavishe suti. Barua ya kwenda kwa chifu, ya posa, ya kumsihi mkuu wa shule asimfukuze mtoto kwa ajili ya karo, zote huandikiwa mezani kwake, na anayeandikiwa hutia sahihi chini kwa jinsi anavyoweza. Kule hilo si jambo la kueleza. Ni kama kwenda kwa fundi cherehani.

Wakili wa serikali aliinua barua ya Mzee Elkanah akauliza nani aliyeiandika.

Sasa, swali hilo lilikuwa na jibu la maneno mawili, na maneno hayo mawili yangemwokoa. Lakini Jerotich hakumtazama wakili. Alimtazama mkalimani. Kipngetich alikuwa kijana nadhifu mwenye tai, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha wote mle ndani, na alikuwa mtu wa ng'ambo ya pili ya bonde lilelile. Aliapa kutunza siri, sawa. Jerotich alishaona watu wakiapa. Kipngetich alikuwa na mke, na mke alikuwa na dada, na Jerotich alijua kwamba neno likitoka hapa asubuhi, litakuwa limefika Kapsirwo kabla ng'ombe hawajakamuliwa.

Akimtaja Mwalimu, wangeuliza kwa nini mzee hakuandika mwenyewe, na neno lenyewe lilikuwa hili: Mzee Elkanah hajui kusoma wala kuandika. Mzee wa kanisa, anayesimama kila Jumapili mbele ya watu na Biblia wazi mkononi, akashusha sura nzima bila kukwama, hajui hata herufi moja. Jerotich ndiye aliyelelewa nyumbani kwake, na ndiye aliyekuwa akimsomea sura hiyo kila Jumamosi tangu akiwa darasa la tatu, mstari kwa mstari, mpaka mzee aishike yote kichwani. Ilikuwa siri yao wawili. Na ni mzee huyo huyo aliyesimama langoni kila Desemba wanaume walipokuja kumuulizia Chebet. Alikuwa na fimbo tu na heshima yake. Jerotich alijiuliza, mtu akimvua mzee heshima hiyo, pale langoni patabaki nini?

"Mjomba aliandika mwenyewe," akasema.

Wakili akainua ya pili. Hapo tena hakuna njia ya kurudi, kwa sababu mwandiko ni mmoja. Akisema hii ni ya Mwalimu, na ile ya kwanza ni ya Mwalimu. "Huyu pia aliandika mwenyewe," akasema. Na ya tatu vilevile. Kipngetich alitafsiri yote kwa sauti yake tamu, na hakimu akaziweka barua tatu mezani, moja pembeni ya nyingine, akazitazama kwa muda mrefu.

Uamuzi ulisema hakimu hawezi kumwamini mtu aliyeleta ushahidi wa kughushi na kuutetea kwa kiapo. Bodi ya rufaa ikakubaliana naye Oktoba 2005, kwa mistari saba. Jerotich aliihesabu.

Baada ya bodi ilibaki mahakama ya rufaa ya Richmond, na siku thelathini za kuifikia. Mtu wa kanisani alimwelekeza kwa wakili wa msaada mwenye ofisi Columbia Heights, juu ya duka la samani. Jina lake Audrey, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa Silver Spring tangu akiwa na miaka mitatu. Kiswahili alikielewa chote. Kukisema, kilimponyoka. Jerotich alipanda basi hadi Pentagon, akashuka chini kwenye treni, akabadilisha, akafika akiwa na sare ya kazi chini ya koti kwa sababu zamu ilimngoja mchana.

Audrey alikuwa amesoma jalada lote, kurasa mia tatu na kitu. Aliweka karatasi ya njano kwenye ukurasa mmoja.

"Anti, pole lakini nataka kuuliza. Hapa. Kwa nini ulisema waliandika wenyewe?"

Miaka miwili na nusu hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo, kwa upole, mlango ukiwa umefungwa. Jerotich alieleza. Alieleza habari ya Mwalimu Cheruiyot na kalamu yake, na sura za Jumamosi, na langoni, na Kipngetich. Alieleza polepole kwa Kiswahili chepesi ili msichana asipotee. Alipomaliza, Audrey alikuwa ameweka kalamu chini, na macho yalikuwa yamemlowa, jambo ambalo Jerotich hakulipenda kwa wakili.

"Basi tuwaambie," Jerotich akasema. "Mwalimu yuko hai. Anaweza kuapa. Anaweza kuandika mbele yao waone."

"Hatuwezi. Record imefungwa, Anti. Ile court ya Richmond hai-take kitu mpya. Wanasoma tu kile kiko ndani ya file."

"Hata kama ndio ukweli?"

"Hata kama." Audrey alitafuta maneno. "Hawaulizi kama ulichomwa. Wanauliza kama yule judge alikuwa na sababu ya ku-decide vile ali-decide. Akiwa na sababu, hata sababu ndogo, wanaiacha hivyo."

"Na alikuwa nayo?"

Audrey alikuwa msichana mkweli. "Ulimpa wewe," akasema, kisha akaona neno lilivyotua. "Sorry, Anti. Lakini nita-fight. Kovu iko ndani ya file. Ripoti ya daktari iko ndani. Na hakuna mtu alikuuliza, hizi barua mbona zinafanana, jieleze. Walipaswa kukuuliza. Hiyo ndiyo nitawaambia."

Jerotich alirudi Woodbridge kazini akamwogesha bibi wa chumba cha nane, ambaye kila siku alimuuliza jina lake, na kila siku akalisifu kuwa ni jina zuri. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imechoka, haikujua imwendee nani. Hakimu alifanya kazi yake, Mwalimu alifanya wema, na yeye mwenyewe alimkinga mtoto wake kwa kile alichokuwa nacho siku ile. Angemkasirikia nani?

Mwaka mmoja ukapita hivyohivyo. Kadi ya kibali cha kazi iliisha muda, akaomba nyingine. Simu za Jumapili ziliendelea: dakika kumi na tano za kadi ya kukwangua, nusu kwa mzee, nusu kwa Chebet. Chebet alifika miaka kumi na mitatu na sauti ikaanza kukomaa. Kila alipouliza lini, Jerotich alimjibu karibu, na Chebet akawa anasema "sawa, mama" kwa haraka, kama anayemsaidia mtu mzima kubeba mzigo.

Kisha mahakama ikapanga siku ya kusikiliza, Oktoba 2006. Audrey alipiga simu akiwa karibu kupiga vigelegele. Kesi nyingi za namna hii, alisema, majaji huzisoma na kuzitupilia mbali bila kumwita mtu. Kuitwa ni dalili. Jerotich alijikaza asifurahi, lakini usiku huo alijikuta anapima kwa macho ukuta wa chumba chake, kitanda cha pili kitakaa wapi.

Domina, Mhaya wa Bukoba waliyekuwa wamepanga naye nyumba, alimwendesha mpaka Richmond kwa gari lake bovu. Barabara kuu namba tisini na tano ilijaa magari tangu Fredericksburg.

"Dada, wewe usiwe na wasiwasi," Domina alisema. "Leo ukifika pale jieleze vizuri, kwa adabu, watakuelewa tu. Ni watu na akili zao."

"Sijielezi. Sina ruhusa ya kusema."

"Heh. Sasa tunaenda kufanya nini?"

"Kusikiliza."

Domina aliwaza hilo kwa maili kadhaa, halafu akasema hiyo ni mahakama ya ajabu sana.

Ukumbi ulikuwa mzuri, wa mbao nyeusi, na viti vilivyomfanya mtu akae wima. Majaji watatu waliingia. Jerotich alikaa benchi la nyuma katika suti ya bluu ya kuazima, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Walilitaja jina lake kwa namna tatu tofauti, zote zikiwa na makosa. Alidhani angetetemeka. Badala yake alisikia usingizi, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu ya usiku, ikabidi ajifinye paja.

Audrey alipewa dakika ishirini, akazitumia vizuri. Alizungumza habari ya kovu, akazungumza habari ya wasichana kumi na mmoja, akasema mtu hawezi kuhukumiwa kwa jambo ambalo hakuulizwa alieleze. Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimgeukia wakili wa serikali.

"Kwani kuna ajabu gani," aliuliza, "watu wa kijiji kuandikiwa barua na mtu mmoja anayejua kuandika? Bibi yangu mwenyewe aliandikiwa na kasisi."

Jerotich alikielewa Kiingereza hicho chote, neno kwa neno. Usingizi ulimtoka. Aliona kwamba mwanamke yule, aliyekuwa hamjui na hakuwahi kufika Kerio, amesema peke yake kile alichoshindwa kukisema yeye.

Wakili wa serikali alikuwa mtu mtaratibu. "Hakuna ajabu, Mheshimiwa," akasema. "Angesema hivyo, tusingekuwa hapa leo. Lakini aliulizwa, barua moja baada ya nyingine, akasema sivyo."

Mama yule alitazama jalada lake. Akamgeukia Audrey. "Mahali popote katika kumbukumbu hizi, mteja wako aliwahi kusema barua ziliandikwa na mtu mwingine?"

Audrey alisimama. Hakugeuka nyuma. "Hapana, Mheshimiwa," akasema. Jaji akavaa miwani yake, na baada ya hapo hakuuliza tena.

Walianza safari ya kurudi Woodbridge. Domina alinunua chai njiani, akampa, akamwambia alale, naye akalala kichwa dirishani mpaka wakafika.

Jibu lilitoka wiki ya kwanza ya Desemba, kurasa tatu. Audrey alimsomea kwa simu. Majaji walisema wanatambua masaibu ya mwombaji. Walisema mazingira yaweza kuwa na maelezo yasiyo na hatia. Lakini walisema kwamba maelezo hayo hayamo mbele yao, na uamuzi wa hakimu wa kwanza una msingi wa kutosha. Maombi yamekataliwa.

"Kuna njia ya kuomba wafungue upya," Audrey akasema, "lakini lazima iwe ni kitu hungeweza kusema wakati ule. Na hii ungeweza."

"Ningeweza," Jerotich akakubali. Akamshukuru, kwa sababu msichana alikuwa amefanya kazi mwaka mzima bila senti, na asiposhukuriwa yeye atashukuriwa nani.

Jumapili alikwangua kadi akapiga nyumbani. Saa tatu asubuhi ya Woodbridge ni saa kumi na moja jioni Kapsirwo, na shule zilikuwa zimefungwa. Mzee Elkanah alipokea yeye mwenyewe, akamwuliza habari ya baridi na habari ya afya, moja moja kwa utaratibu wake, dakika zikienda.

"Mjomba, wamekataa," Jerotich akasema.

"Wote?" mzee akauliza.

"Wote. Imekwisha."

"Ni kitu gani hawakuamini? Moto? Tuliuona sisi."

Siku nyingine angezunguka. Lakini alikuwa amechoka hata na kuzunguka. "Barua," akasema. "Waliniuliza nani aliandika yako. Nikasema ni wewe. Mwandiko ukawa mmoja kwa zote tatu, wakasema tumeghushi. Sikutaka watu wajue, Mjomba. Mkalimani alikuwa wa ng'ambo. Niliogopa wakijua hawatakuheshimu, na watamchukua Chebet."

Simu ilikwaruza. Alidhani imekatika. Kisha akasikia mzee akivuta pumzi puani, kama anavyofanya kabla ya kusimama kanisani.

"Jerotich," akasema, "nani hapa hajui?"

Jerotich aliihamishia simu sikio la pili.

"Ulikuwa ukinisomea na dirisha wazi, msichana wangu. Miaka yote ile. Jirani alikuwa anajua sura ya Jumapili kabla ya mchungaji. Siku moja nilishika Kitabu miguu juu kichwa chini, na benchi lote la mbele likainama kufunga kamba za viatu ili wasinitazame. Wengine hawakuwa na viatu." Alikohoa. "Wanajua wote. Hata hao wanaokuja langoni. Mimi wananiogopa kwa sababu ni mkaidi na najua baba zao walifanya nini. Ungesema tu. Ungesema, Elkanah hajui kusoma, ningekuwa nimeketi hapa hapa nilipo."

Jerotich alikaa kitandani. Haikuwa nafuu kwake. Miaka mitatu na nusu alikuwa amejiambia kwamba alilipa bei kubwa, lakini angalau alinunua kitu. Alitaka kumkasirikia mzee, akashindwa. Yeye na kijiji kizima walikuwa wamemfunika, kila mmoja kivyake, na kila mmoja akidhani yuko peke yake.

"Mpe Chebet simu," akasema.

Chebet alishika. Alikuwa pale pale, amesikia upande wa mzee wote, na Jerotich alijua hana haja ya kueleza.

"Chebet, hawatakuruhusu kuja," akasema hata hivyo, kwa sababu mtoto alistahili kuambiwa na mamake. "Nilikuambia karibu, na si karibu. Basi nitakuja mimi. Nitakata tikiti, nikuje tukae pamoja, liwalo na liwe."

"Hapana, mama."

"Usiseme hapana. Nimeamua."

"Mama, usikuje." Sauti ya Chebet ilikuwa tulivu, ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hili zamani na alikuwa akingoja tu aulizwe. "Walikuja juzi. Babu aliwaambia wewe uko Amerika, hurudi tena, mimi sasa ni mtoto wake. Wakaenda. Ukikuja watarudi kukutafuta, na watachoma hapa. Na hapa ndiyo mimi nalala."

Jerotich alisema ndiyo. Alisema ameelewa. Halafu mwanamke wa kwenye mashine akawaambia imebaki dakika moja, nao wakaitumia kuulizana kama kumenyesha.